Visanduku Vitupu vya Bondeni

Pale ofisi ya ramani walimwita Bi Hakiki, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Ukimletea chai na kumwambia imeshatiwa sukari, ataionja, ataikoroga tena, kisha ataionja mara ya pili. Watu wa namna hii huchosha nyumbani, lakini katika ofisi inayochora mstari wa nani ahame na nani abaki, ni watu wa kushukuriwa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa kidogo.

Kazi yake ilikuwa kuyahoji mafaili. Kila faili la mwinuko wa ardhi, liwe linaingia au linatoka, lilipitia mezani kwake. Faili la aina hiyo ni kama karatasi ya hesabu yenye visanduku vingi mno, iliyotandazwa juu ya mji mzima. Kila kisanduku kimebeba namba moja, nayo ndiyo kimo cha ardhi ya mahali hapo. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma namba zote hizo akabaki na akili yake. Kwa hiyo Bi Hakiki alikuwa akifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na picha wala urembo, anaandika amri fupi na jina la faili, anabonyeza. Kompyuta inamjibu kwa mistari michache: mipaka ya faili pande zote nne, ukubwa wa kisanduku, kimo cha chini kabisa na cha juu kabisa, idadi ya visanduku vitupu visivyo na namba, na mwishoni mstari wa historia, yaani amri ya mwisho iliyolitengeneza faili hilo. Wenzake waliupitisha macho muhtasari huo na kuendelea na maisha. Yeye aliusoma wote, neno kwa neno.

Asubuhi hiyo Mkuu wa ofisi alikuwa haoni hasikii kwa haraka. Bwawa lililo juu ya mji lilikuwa limejaa pomoni, na wenye bwawa walikuwa wameshatangaza kwamba kesho yake milango ingefunguliwa. Kila nyumba ya bondeni iliyo chini ya mita sita ilikuwa imetiwa rangi nyekundu kwenye ramani, wenyewe wamepewa viwanja mlimani, na malori yalikuwa yamewahamisha na vitanda vyao na kuku wao. Kilichobaki ni kuwapelekea wenye bwawa faili la mwisho, likiwa na muhtasari wake.

"Niletee muhtasari kabla sijatoka," Mkuu alisema akiwa amesimama mlangoni. "Na tafadhali, Bi Hakiki, leo usianze."

"Nisianze nini?"

"Unajua mwenyewe."

Akaandika amri, akabonyeza. Mistari ikashuka. Mipaka sawa. Ukubwa wa kisanduku sawa. Kimo cha chini kabisa: mita nne na kijisehemu kidogo kisichofika hata unene wa unyayo.

Hapo machale yakamcheza. Ardhi haina adabu ya kuishia kwenye namba nzima. Ardhi ya kweli huishia kwenye tatu na vipande, au tano na vipande, mahali popote panapojipendea. Ikiwa sehemu ya chini kuliko zote katika mji mzima imegota kwenye nne kama nywele zilizokatwa kwa wembe, basi pana mkono wa mtu.

Akatazama idadi ya visanduku vitupu. Vitupu huwa vipo siku zote, pembezoni, ambako ndege ya vipimo haikupita. Akaiambia amri iache kando za faili na kuuliza katikati tu. Vitupu bado vilikuwepo, vichache, lakini vipo. Akapunguza eneo, akauliza tena. Akapunguza tena. Alifanya kama mtu anayefuata harufu mbaya kutoka chumba hadi chumba, na kila alipofunga mlango mmoja harufu ilizidi upande wa pili. Mwishowe eneo likabaki dogo kama kiwanja cha mpira, na vitupu vyote vya katikati ya mji vilikuwa humo. Akafungua picha ya angani ya mahali hapo.

Bati la kijani lenye kiraka cha buluu. Tangi la maji lililoinama. Ile ilikuwa nyumba ya dada yake.

Nyumba zote za kuizunguka zilikuwa nyekundu na wenyewe wamekwisha kwenda. Ya Dada haikuwa na rangi. Ilipochapwa ramani ya kwanza, familia ilishangilia na Dada alilia kwa furaha kwenye simu, na Bi Hakiki, mtu wa kuonja chai mara mbili, safari hiyo hakuonja. Ilikuwa habari njema, na habari njema ya dada yako haihojiwi. Sasa alielewa ilivyopatikana. Kompyuta ukiiuliza kama kisanduku kitupu kiko chini ya mita sita, inajibu hapana, kwa sababu kitupu hakiko chini ya chochote wala juu ya chochote. Na mwenye haraka akisikia hapana, anafurahi na kusema nyumba iko salama.

Akashuka hadi mstari wa historia. Ilikuwa amri ya kuunganisha vipande vya mji kuwa faili moja, na kazi ya kuunganisha vipande ofisini pale ilikuwa ya mtu mmoja tu. Alikaa meza ya pili, karibu na mashine kubwa ya kuchapa ramani. Alikuwa mume wa dada yake.

Bi Hakiki alimtazama Shemeji kisogoni, na mambo madogo madogo yakaanza kujipanga. Tangu ramani ile ichapwe, mtu huyu alikuwa amebadilika. Alimfungulia mlango. Alimbebea mkoba kwenye ngazi. Siku moja alimwekea kikombe cha chai mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akuzidishie, shemeji," akaondoka bila kungoja jibu. Yeye alidhani ni uzee unamlainisha. Kumbe alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili asichungulie faili! Damu ikamchemka. Mtu ameitoa nyumba yake kwenye ramani ili asihamishwe, na ndani ya nyumba hiyo analala dada yake na watoto, na kesho maji yanakuja.

Angeweza kwenda kwa Mkuu saa ileile. Lakini kwenda kwa Mkuu maana yake ni kumpeleka mume wa dada yake polisi, na neno kama hilo likishatoka halirudi. Tena alikuwa hajaona kwa macho yake. Akachukua mkoba, akasema anakwenda kula, akatoka. Alihisi macho ya Shemeji yanamfuata mpaka kwenye ngazi.

Mtaa wa bondeni ulikuwa mkimya kama shule wakati wa likizo. Milango ilikuwa imeng'olewa, madirisha yamebaki matundu, na kila ukuta ulikuwa na alama nyekundu ya brashi. Nyumba ya Dada peke yake ilikuwa na mapazia. Bi Hakiki alishuka ngazi za mawe kutoka barabarani hadi uani, ngazi alizozishuka miaka nenda miaka rudi akiwa na sufuria, akiwa na watoto mgongoni, bila kujiuliza hata mara moja kwa nini nyumba hii inashukiwa. Leo alijiuliza. Kutoka uani, barabara ilikuwa juu ya kichwa chake.

Dada alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. "Makubwa haya! Leo umenikumbuka mchana kweupe? Au umefukuzwa kazi?"

"Nimepita tu, Dada."

"Wewe hupiti tu. Tangu utotoni wewe hupiti tu mahali." Akacheka, akamvutia kiti. "Kaa. Mtaa umekuwa wa mashetani huu, nafurahi hata kuona mtu anayenikasirikia."

Bi Hakiki hakukaa. "Dada, kiwanja hiki kilikuwa shimo hivi tangu mlipokinunua?"

"Shimo? Kilikuwa sawasawa na barabara! Shemeji yako ndiye aliyekichimba. Kila tofali unaloliona hapa limetoka hapa hapa. Alichimba udongo, akafyatua, akachoma, akajenga mlemle alimochimba. Watu walimcheka, wakamwambia unajenga nyumba au kisima?" Dada aliupiga ukuta kofi, kama anayempiga mtoto mnene mgongoni. "Sasa waliocheka wako wapi? Sisi tumebaki."

"Na huogopi hayo maji ya kesho?"

"Niogope nini? Mume wangu kaniambia nilale usingizi wangu. Kasema sisi tuna mtu wetu ofisini."

Mtu wetu ofisini! Anajisifu mpaka kwa mkewe. Bi Hakiki aliaga kwa maneno mawili matatu, akapanda ngazi akihema, na njia nzima alikuwa akipanga atakachosema.

Alimkuta Shemeji peke yake kwenye mashine ya kuchapa, anabadilisha karatasi. Akaufunga mlango nyuma yake.

"Shemeji, nimeviona visanduku."

Mwanamume yule hakushtuka. Na hilo ndilo lililomtia Bi Hakiki wazimu zaidi. Aliweka karatasi chini taratibu, akatazama mlango, kisha akasema kwa kunong'ona, "Nilijua ipo siku tutalizungumza. Mimi sijamwambia mtu, shemeji. Wala dada yako hajui. Nitakufa nalo."

"Utakufa nalo nini? Watu ndio watakufa! Umefuta nyumba yako kwenye ramani, unamwacha mke wako alale mtoni, halafu unaniletea chai!"

"Nimefuta mimi?" Shemeji alikunja uso. "Shemeji, mbona unanigeuzia kibao? Si wewe?"

"Mimi?"

"Nilipounganisha vipande nikaona vitupu pale kwangu. Nikasema moyoni, huyu ni Bi Hakiki, ametuokoa. Ndiyo maana nimekuwa nakushukuru kwa chai, maana kwa maneno sikuthubutu. Ningesema, ningekuponza."

Bi Hakiki alimtazama machoni akitafuta uongo. Alikuwa na ujuzi wa kuutafuta, lakini hakuuona, na hapo woga wa namna nyingine ukamwingia. "Hata kama ulidhani ni mimi," alisema, "ulilichimba mwenyewe lile shimo. Unajua palivyo chini. Ungewaachaje watoto pale?"

"Kwa sababu ni wewe." Shemeji alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtu jambo analolijua kila mmoja. "Angekuwa mwingine, ningewahamisha siku ileile. Lakini wewe hukosei. Nikasema, huyu hawezi kumzamisha dada yake. Akiitoa nyumba, ameshapima, ameshahakikisha, anajua maji hayafiki. Nani mimi nikubishie?"

Hakungoja zaidi. Akarudi mezani, Shemeji nyuma yake. Faili la mwisho lilikuwa na historia ya kuunganisha tu, lakini vipande vyenyewe vilikuwepo, na kila kipande kina historia yake. Akatafuta kipande cha bondeni. Akaandika amri ileile anayoiandika kila siku. Akabonyeza.

Mstari wa historia ulisema kwamba kila kisanduku chenye kimo kilicho chini ya 4.00 kifutwe, kibaki kitupu.

Nne, nukta, sifuri, sifuri. Ofisi nzima ilimtania kwa sifuri zile. Shemeji angeandika nne, akaenda zake. Mtu yeyote pale angeandika nne. Ni mmoja tu asiyeiamini namba mpaka aione imevaa sifuri zake zote mbili.

Kumbukumbu ikarudi yote kwa mpigo. Vipimo vilipoletwa, alivitilia shaka tangu siku ya kwanza. Alijua kuwa chombo cha ndege kikipiga kwenye maji au kwenye bati lililolowa huweza kuleta vimo vya uongo, vya chini kupita kiasi. Ramani ya zamani, iliyopimwa kabla watu hawajaanza kuchimba udongo wa matofali, ilisema hakuna mahali mjini palipo chini ya mita tano. Kwa hiyo alipoona tatu na vipande, alicheka. "Hawa wanatudanganya mchana," aliwaambia wenzake, akaachia mita moja ya makosa madogo, akaandika amri moja ya kufuta yote yaliyo chini ya nne, akaipitisha kwenye vipande vyote vya mji kwa pamoja, kisha akaenda kula. Alijisikia vizuri siku ile. Alijiona amewakamata.

Aliwashuku wapimaji, akamshuku shemeji yake, na muda wote huo hakujihoji mwenyewe hata mara moja. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

Mkuu aliposikia alipiga meza kwa kiganja, akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha akafungua kabati na kutoa vipimo vya asili kama vilivyoletwa. Alivihamishia kwenye kompyuta ya Bi Hakiki kwa mkono wake mwenyewe na kusimama nyuma ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shemeji aliunganisha vipande upya. Bi Hakiki akaomba muhtasari, safari hii akaiambia amri ionyeshe pia mahali penyewe palipo chini kabisa. Kompyuta ikajibu: mita tatu na vipande, na namba za mashariki na kaskazini, zilizoangukia ndani ya eneo lile alilolichunguza asubuhi. Hakuhitaji picha ya angani. Mahali pa chini kuliko pote katika mji mzima palikuwa jikoni kwa dada yake.

"Kapigeni brashi," Mkuu alisema. "Na lori liende sasa hivi. Tutaongea habari yako baadaye, Bi Hakiki."

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipofika na lori. Shemeji alitangulia kushuka ngazi, akaongea na mkewe pembeni kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kuanza kung'oa mapazia bila kumtazama mtu. Watoto walitolewa wakiwa na madaftari na viatu mikononi. Mtu wa brashi alipaka alama yake ukutani, pale pale Dada alipopapiga kofi mchana.

Dada alikuwa amesimama chumbani kando ya kitanda. Hakuwa analia.

"Wiki nzima watu wanahamishwa, mimi naambiwa niko salama," alisema. "Mchana umekuja hapa unaniuliza habari za shimo. Jioni unaniletea brashi nyekundu. Hebu nieleze, mdogo wangu. Mwanzo ulikuwa unanificha, au sasa ndiyo unanifukuza?"

"Sikukuficha, Dada. Wala sikufukuzi. Maji yatafika hapa kweli, nimehakikisha."

"Na mwanzo hukuhakikisha?"

Bi Hakiki alipiga moyo konde. Angeweza kuitupia lawama kompyuta, na Dada asingejua. "Mwanzo nilifuta mimi," alisema. "Vipimo vilionyesha mko chini sana. Nikadhani ni uongo. Nikasema hakuna mahali pa namna hiyo katika mji huu."

Dada alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kumwona mahali.

"Umekula kwangu miaka yote hii," alisema. "Umeshuka zile ngazi ukiwa na mimba, ukashuka ukiwa na maiti ya mama. Ukaja kutuona kwenye kompyuta yako tuko chini hivyo, ukasema hatupo."

Nje, dereva wa lori alipiga honi. Dada aliinama, akashika mguu wa kitanda upande wake, akangoja, na Bi Hakiki akaenda akashika upande wa pili. Wakakiinua, wakatoka nacho, wakaanza kupanda.